Bunduki Ghali na Thamani Yake: Historia ya Swali Moja katika Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa sura ya nje ni la mnunuzi sokoni: je, silaha ya moto ya bei kubwa, yenye mtutu mpana au yenye uwezo wa kutoa risasi nyingi mfululizo, inastahili bei yake? Katika nchi ya Masisi na Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini, swali hilo lina umri wa zaidi ya karne moja. Limewahi kuulizwa na mfanyabiashara wa pembe, na afisa wa dola la kikoloni, na mwindaji wa msituni, na katika miaka ya karibuni limeulizwa na kijana asiye na shamba wala kazi. Kila mmoja wao alilijibu kwa hesabu yake, na aghalabu hesabu hiyo ilikuwa na kasoro.

Hoja tutakayoitetea ni kwamba bei ya bunduki ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mali inayotolewa siku ya kununua. Ya pili ni kile ambacho bunduki hula baada ya kununuliwa, yaani baruti, risasi na matengenezo. Ya tatu ni kile ambacho watu wengine, wasiokuwapo siku ya mapatano, hutozwa ili bunduki hiyo iendelee kula. Wanunuzi wengi walitazama sehemu ya kwanza. Wenye busara waliitazama na ya pili. Sehemu ya tatu ndiyo iliyoandika historia ya wilaya zetu mbili.

Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu na hadai kuwa mwanahistoria. Kwa sababu hiyo ushahidi mwingi utatafutwa katika maneno: yale ambayo wenyeji wa Kiswahili waliyatumia kuitaja bunduki na chakula chake, na yale ambayo Kiswahili chetu cha Kivu kimeyabuni baadaye. Kabla ya hapo yafaa tukumbuke sura ya nchi yenyewe. Masisi ni nchi ya milima na malisho, makao ya Wahunde na ya Wanyarwanda waliohamia kwa nyakati mbalimbali. Walikale ni nchi ya msitu mzito, makao ya Wanyanga, Wakumu na Warega, pamoja na wengine. Mto Lowa hukusanya maji ya milima hiyo, ukapita Walikale na kumiminika katika Lualaba. Njia ya maji hayo ndiyo iliyokuwa, kwa upande wa pili, njia ya kupandia kwa bunduki.

2. Mazungumzo ya mwaka 1876

Ushahidi mzuri kuhusu swali letu umo katika kitabu ambacho kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anakifahamu, yaani maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe. Masimulizi hayo yalitolewa na Heinrich Brode huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kisha yakachapishwa upya katika Afrika ya Mashariki pamoja na tafsiri ya W. H. Whitley. Mara nyingi huwa tunayasoma kwa ajili ya safari na vita vyake. Hapa tunaomba yasomwe kwa ajili ya mazungumzo mafupi juu ya bunduki.

Mwezi wa Oktoba 1876, katika nchi ya Manyema, Tippu Tip alikutana na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akitafuta watu wa kumsindikiza ashuke mto Lualaba. Mgeni huyo alimwonyesha mwenyeji wake bunduki, akadai kwamba inatoa risasi 15. Tippu Tip, mtu aliyeishi kwa bunduki tangu ujana wake, hakuwa amewahi kusikia habari ya silaha ya namna hiyo. Akauliza kama risasi zote hutoka katika mtutu mmoja, akajibiwa kuwa ni mmoja. Akamtaka aipige waone. Hapo mgeni akasita, akasema kwamba ni afadhali atoe dola 20 au 30 kuliko kufyatua risasi moja bure. Mwenyeji akawaza moyoni kwamba mtu huyu ni mwongo, naye akamjibu kwa kejeli ya kiungwana: huko kwenye mto Lomami uko upinde unaorusha mishale 20 kwa pamoja, na kila mshale huua mtu. Stanley akaielewa kejeli. Akatoka nje, akapiga risasi 12, kisha akashika bastola akapiga sita. Wote wakastaajabu, na Tippu Tip akaomba aonyeshwe namna ya kuishindilia.

Wasomaji wengi huliona tukio hili kuwa la kuchekesha, na kwa hakika ni la kuchekesha. Lakini tukilitazama kwa jicho la mnunuzi, tutaona kwamba kila mmoja wa wazungumzaji wawili alisema jambo la kweli. Tippu Tip aliuliza swali la kwanza analopaswa kuuliza mtu yeyote anayesifiwa bidhaa: ifanye kazi nikiona. Hakuuliza imetengenezwa wapi wala imegharimu kiasi gani. Stanley naye, kwa kusita kwake, alitaja bei halisi ya silaha yake pasipo kukusudia. Kutoka pwani hadi mahali walipokaa ulikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, na katika njia yote hiyo hapakuwa na duka la kuuza risasi za bunduki ile. Kila risasi iliyotoka haikurudi. Kwa hiyo bunduki yenye kutoa 15 mfululizo ilikuwa pia bunduki yenye kufilisika upesi kuliko zote. Mwenye gobori la kushindilia kwa mdomo alipiga polepole. Hata hivyo risasi ilipomwishia aliweza kuweka kipande cha chuma, cha shaba au cha jiwe, ilimradi awe na baruti.

Miaka 11 baadaye somo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Mwezi wa Februari 1887, huko Zanzibar, Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Pamoja na hayo aliahidi kutoa wapagazi wapatao 600 kwa msafara wa Stanley wa kumtafuta Emin Pasha. Wapagazi hao hawakupatikana kama ilivyotarajiwa, na lawama zilizofuata ni mashuhuri. Katika utetezi wake Tippu Tip alieleza kwamba baruti aliyoahidiwa haikuletwa, na watu wenye bunduki pasipo baruti hawawezi kupita katika nchi ya adui. Ugomvi huo wa wakubwa wawili haukuhusu ubora wa bunduki. Ulihusu chakula chake.

3. Ushahidi wa maneno

Tukigeukia msamiati, tunakuta kwamba Kiswahili cha karne ya 19 kiliainisha bunduki kwa utaratibu wenye maana. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyopata moto kwa jiwe. Bunduki ya fataki, iliyopigwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa ya moto. Na mwishoni ikaja bunduki ya viasi, yaani ile inayoshindiliwa kwa nyuma. Inafaa tutambue kwamba majina haya yote hayataji upana wa mtutu, wala urefu, wala nchi ilikotengenezwa. Yanataja namna bunduki inavyopata moto na kitu inachokula. Msemaji wa Kiswahili aliyekuwa akienda bara alijua kwamba hilo ndilo swali la kuuliza kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo lililoamua kama bunduki itakuwa na kazi baada ya miezi sita ya safari.

Neno lenye mafunzo zaidi ni kiasi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kawaida ni kipimo au kadiri. Lilipopelekwa kwenye bunduki lilipata maana ya kipimo cha baruti na risasi kilichotayarishwa tayari, yaani kile ambacho leo twakiita risasi nzima pamoja na ganda lake. Bunduki ya viasi, basi, kwa tafsiri ya neno kwa neno, ni bunduki ya vipimo. Mwenye gobori hujipimia mwenyewe. Mwenye bunduki ya viasi hupimiwa na mtu mwingine, kiwandani, ng'ambo ya bahari. Uhuru wa mnunuzi unapungua kadiri silaha yake inavyokuwa bora. Hatudhani kwamba waliobuni istilahi hiyo walikusudia falsafa yoyote, lakini lugha imehifadhi hesabu ambayo wanunuzi waliisahau.

Maneno hayo hayakubaki pwani. Bunduki limeingia katika Kilingala kwa umbo la bondoki. Risasi, ambalo katika Kiarabu maana yake ni madini ya risasi, limekuwa lisasi, na kwa kuwa Kilingala kina kiambishi li- katika umoja na ma- katika wingi, wingi wake ukawa masasi. Mtindo huo wa kulivunja neno geni na kuliingiza katika ngeli za wenyeji ni dalili kwamba neno lilizoeleka mno. Vitu vinavyotajwa kila siku ndivyo vinavyopata wingi wa kienyeji.

4. Njia ya Lowa

Kiswahili chenyewe kilifika katika msitu wetu kwa njia hiyohiyo. Tukisema Kingwana tunataja lugha ya Wangwana, yaani watu waungwana, jina walilojiita wafuasi wa misafara, wengi wao wakiwa wenyeji wa Manyema waliovaa kanzu na kubeba bunduki. Kutoka Nyangwe, Kasongo, Kirundu na Kisangani, makundi yao yaliingia mabonde ya mito ya mashariki, likiwamo bonde la Lowa, wakitafuta pembe. Mwezi wa Oktoba 1892 Emin Pasha aliuawa katika msitu huo, kaskazini ya Lowa, kwa amri ya mkubwa wa Kirundu aliyeitwa Kibonge. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen, baada ya kuvuka Rwanda na kuliona ziwa Kivu, alikata msitu kuelekea magharibi hadi Kirundu.

Bunduki zilizokuja kwa njia hiyo zilikuwa nyingi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kwa kupitia pwani ya mashariki. Nyingi zilikuwa bunduki za kizamani ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha yalipopata mpya. Kilichokuwa takataka Ulaya kilikuwa mtaji Afrika.

Ni nani aliyezilipia? Katika daftari la mfanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, bunduki na baruti zilikuwa deni litakalolipwa kwa pembe. Katika bonde la Lowa na Manyema kwa jumla, pembe zenyewe mara nyingi zilipatikana kwa utaratibu unaofahamika vizuri: kijiji kilivamiwa, wanawake na watoto wakashikwa, na jamaa zao wakatakiwa kuwakomboa kwa pembe. Waliokosa pembe waliwakosa watu wao. Ndugu msomaji ataona kwamba hapa sehemu ya tatu ya bei imekwisha kujitokeza. Aliyekopeshwa bunduki alikuwa Zanzibar. Aliyelipa alikuwa mama wa Kinyanga ambaye hakuwahi kuliona deni hilo wala kuulizwa juu yake. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika Kongo ya mashariki hatuna budi kulikumbuka jambo hili bila kulikuza na bila kulificha: lugha tunayoipenda ilifika kwetu ikiwa imefuatana na bei hiyo.

5. Sheria na bei

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Mkataba huo ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na baruti yake katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini. Bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu iliruhusiwa. Bunduki bora iliachwa kwa majeshi ya serikali na kwa watu waliotoa dhamana ya kutosha, ambao kwa vitendo walikuwa Wazungu. Hivyo uainishaji ambao Kiswahili kilikuwa nao tayari, wa gumegume upande mmoja na viasi upande mwingine, ukawa mpaka wa kisheria kati ya mtawaliwa na mtawala.

Matokeo yake katika bei ni dhahiri. Kitu kinachokatazwa hupanda thamani, hata kama kazi yake haijabadilika. Jeshi la Dola Huru la Kongo lilipewa bunduki aina ya Albini, yenye kalibre ya milimita 11 na risasi moja kwa mara moja. Maafisa walibeba bastola ya risasi sita, na kiwanda mashuhuri cha bastola hizo kilikuwa cha ndugu Nagant mjini Liège. Jeshi la Ubelgiji lilikubali mojawapo mwaka 1878. Silaha hiyo haikufaa kwa uwindaji, na masafa yake ni mafupi. Thamani yake ilikuwa katika kiuno cha aliyeivaa. Iliwajulisha watu kwamba mwenye kuivaa hahitaji kushindilia, hahitaji kungoja, na hahitaji kuomba ruhusa. Mtu anayeuliza leo kama bastola ya fahari yenye mtutu mpana inastahili bei yake angefaa ajiulize kwanza ni kazi gani kati ya hizo anainunulia.

Hata dola lenyewe halikuweza kuikwepa hesabu ya viasi. Risasi za Albini zilitoka Ubelgiji, na wakuu walichelea kwamba askari wangezitumia kwa kuwinda au kwa uasi. Katika sehemu za magharibi na kaskazini za Dola Huru, kwenye misitu ya mpira, askari walitakiwa wathibitishe matumizi ya kila risasi kwa kuleta mkono wa mtu aliyeuawa. Taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliueleza ulimwengu habari hiyo. Ikiwa risasi ilipotea au ilimpiga mnyama, mkono ulitafutwa kwingine. Hatujui mfano wa kutisha kuliko huu wa kuonyesha jinsi chakula cha bunduki kinavyoweza kuthaminiwa kupita binadamu. Kiasi kilihesabiwa, mkono ukawa risiti yake.

6. Mtutu mpana na ujuzi wa mwindaji

Huenda msomaji akasema kwamba mifano hii ni ya vita, na kwamba mwindaji wa haki anastahili hesabu nyingine. Tuitazame basi. Wawindaji wa tembo wa Kizungu, mwishoni mwa karne ya 19, waliamini kwamba mnyama mkubwa anadai mtutu mkubwa. Bunduki zao za kalibre pana ziliuzwa kwa bei ghali, zilikuwa nzito kiasi cha kuhitaji mpagazi, na mshindo wake uliweza kumjeruhi mpigaji bega. Lakini W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda katika Karamoja, katika eneo la Lado na katika Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ya kalibre ndogo ya milimita 7. Siri yake ilikuwa kwamba alichunguza maumbile ya fuvu la tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi akisimama upande wowote. Hatumsifu kwa mauaji hayo. Tunasema tu kwamba, hata kwa kipimo cha wawindaji wenyewe, mtutu mpana ulikuwa mara nyingi malipo ya ujinga: aliyejua pa kupiga hakuuhitaji, na asiyejua haukumwokoa.

Wanyanga walikuwa wamefikia hukumu hiyo kwa njia yao. Uwindaji wao wa kale ni wa wavu, mbwa wenye njuga, mitego na mkuki, na kila kimojawapo hutengenezwa kwa kamba, miti na chuma cha nyumbani. Utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kwa mgani Candi Rureke na kuutoa mwaka 1969 pamoja na mwanaisimu wa Kinyanga Kahombo Mateene, una shujaa ambaye silaha yake ni usinga. Wajomba zake ni wahunzi, nao humtia chuma mwilini kabla ya safari yake. Lakini mwisho wa utendi hausifu chuma: Mwindo anapomwua joka, anapelekwa mbinguni na kuadhibiwa kwa baridi, jua na mvua, kisha anarudishwa akiwa ameonywa asiue tena. Jamii iliyotunga habari hiyo haikuwa jamii isiyojua thamani ya silaha. Ilijua pia kwamba silaha ina deni.

Bunduki ilipozoeleka msituni, wahunzi wa Kongo walijibu kwa ustadi wao. Bunduki za kienyeji, zinazotengenezwa kwa bomba la chuma na mti, nyingi zikitumia risasi za kalibre 12, hujulikana sehemu nyingi za Kongo kwa jina la pupu. Si silaha salama. Inaweza kupasukia uso wa mwenyewe. Hata hivyo, kwa hesabu ya sehemu ya kwanza na ya pili, pupu huishinda bunduki nyingi za kiwandani: ikiharibika, mhunzi yu kijijini. Amri ya mwaka 1985 kuhusu silaha na risasi inadai kibali kwa mwenye silaha ya moto, na mkulima wa Walikale aliye mbali na ofisi hujikuta nje ya sheria hata kama shabaha yake ni ngedere wanaokula mahindi.

7. Kutoka Ntoto hadi leo

Tarehe 20 Machi 1993, kwenye soko la Ntoto wilayani Walikale, yalianza mauaji yaliyoenea upesi hadi Masisi. Chanzo chake kilikuwa kirefu: ardhi, uraia na mamlaka ya machifu, pamoja na historia ya wahamiaji ambao utawala wa Kibelgiji uliwaleta kutoka Rwanda kuanzia mwaka 1937 na kuwaweka Gishari. Maelfu walikufa na makumi ya maelfu wakakimbia. Jambo la kukumbukwa kwa ajili ya hoja yetu ni silaha zilizotumika. Nyingi zilikuwa mapanga, mikuki na mishale. Bunduki zilikuwa chache, kwa kuwa zilikuwa ghali.

Mwaka uliofuata hali ilibadilika kabisa. Mwezi wa Julai 1994 jeshi lililoshindwa la Rwanda lilivuka mpaka hadi Goma, pamoja na mamia ya maelfu ya wakimbizi. Silaha nyingine zilinyang'anywa mpakani, na nyingi ya hizo ziliuzwa tena. Vita vya 1996 na 1998 vikaongeza nyingine. Bunduki aina ya Kalashnikov, ambayo hapo awali mkulima hangeweza kuiota, ilishuka bei hata ikawa karibu na uwezo wa kijana yeyote mwenye ndugu wa kumchangia. Kwa hesabu ya soko, swali letu lilikuwa limejibiwa: bunduki bora ilikuwa imekuwa rahisi.

Hapo ndipo sehemu ya tatu ya bei ilipopanda kupita zote. Bunduki nyingi mikononi mwa watu wasio na mshahara huhitaji kulishwa kila siku, na mwenye kulisha ni yule asiyekuwa nayo. Kiswahili chetu kimelishuhudia jambo hili kwa maneno mapya. Barieri ni kamba au mti uliolazwa njiani, ambapo mama anayekwenda sokoni huacha sehemu ya mihogo yake. Jetoni ni kikaratasi anachonunua mtu mzima kila mwezi ili kuthibitisha kwamba amelipa kundi linalotawala kijiji. Salongo, neno ambalo zamani lilitaja kazi ya pamoja ya usafi, limekuwa jina la kazi ya shokoa. Na lililo chungu kuliko yote ni lala salama, jina la ushuru ambao makundi ya Masisi na Walikale yaliwatoza raia ili waweze kulala usiku. Maneno mawili mazuri, ambayo mama humwambia mtoto wake akimfunika nguo, yakawa risiti.

Pale palipopatikana madini, bunduki ilipata meza kubwa zaidi. Mawe ya bati yaligunduliwa Bisie, wilayani Walikale, mwaka 2002, na kwa miaka mingi waliotawala mashimo hayo walikuwa wenye bunduki, wakiwamo askari wa brigedi ya 85 hadi mwaka 2009. Wapagazi walibeba mizigo migongoni kupitia msituni, na kila mzigo ulikatwa sehemu. Anayejua habari za pembe za karne ya 19 hatapata shida kuutambua utaratibu huo. Wala wingi wa silaha haukuleta mshindi wa kudumu. Mwezi wa Machi 2025 mji wa Walikale uliingiwa na waasi wa M23, nao wakauacha mwanzoni mwa Aprili. Waliokimbilia msituni mara hiyo hawakuwa na bunduki yoyote.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mwaka 1876 mtu mmoja mwenye bunduki ya ajabu alisita kuipiga kwa kuogopa gharama ya risasi moja, na kwamba lugha ya misafara ilikuwa imekwisha kuziainisha bunduki kwa chakula chake. Tumeona pia kwamba sheria ya 1890 iliipandisha bei silaha bora pasipo kuiongezea manufaa, kwamba mwindaji hodari hakuuhitaji mtutu mpana, na kwamba kushuka kwa bei ya ununuzi baada ya 1994 kulipandisha bei wanayolipa wasionunua.

Kwa hiyo tukiulizwa kama bunduki ghali inastahili bei yake, jibu letu ni kwamba muulizaji hajaitaja bei yenyewe. Ataje kwanza itakula nini, na nani atailisha. Katika miaka ya 2000, huko Katanga, mpango mmoja wa makanisa uliwapa watu baiskeli kwa kila bunduki waliyoisalimisha, na wapo waliocheka wakisema kwamba mabadilishano hayo hayalingani. Hatuoni kwamba walistahili kucheka. Kwetu Masisi kijana husukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akishusha viazi na makaa mpaka Goma, na jioni hurudi na fedha ya chumvi na ya karo. Chukudu humlisha mwenyewe. Bunduki hulishwa, na katika historia ya wilaya zetu mbili, mlishaji amekuwa mara nyingi ni jirani asiye nayo.

Ni matumaini yetu kwamba wenzetu watakusanya, kabla wazee hawajatutoka, maneno ya silaha na ya ushuru katika Kihunde, Kinyanga, Kikumu na Kirega, na kuyalinganisha na haya ya Kiswahili. Daftari za wafanyabiashara wa Zanzibar zilihifadhi deni la pembe. Deni la watu limehifadhiwa katika msamiati peke yake, na kazi ya kulisoma ni yetu.